Chai ya Rangi kwa Wageni wa Basari

Mama Isnino,

Ukishuka kutoka Garbatulla usipige mayowe, mbuzi hawajaibwa. Wako kwa jirani, Kagwiria. Isnino awarudishe kabla giza halijaingia.

Asubuhi wazee wa basari walikuja kuona kama kweli hatuwezi kumlipia mtoto chuo cha ualimu. Mimi ndiye niliyeficha mbuzi. Halafu nikamwambia Isnino awapikie chai ya rangi. Wageni, Mama Isnino, ndani ya nyumba yako! Mtoto alinitazama tu, akapika.

Mkubwa wao, Mzee Mungania, alionja akaweka kikombe chini. Kisha akatoa pesa yake mfukoni akamtuma Isnino maziwa. "Watoto wasinywe hivi," akasema. Hapa karibu anayeuza ni Kagwiria, na leo alikuwa na maziwa ya yule mbuzi wetu mweupe, amemkamua saa hiyo hiyo. Isnino akarudi na kikombe, akakiweka mbele yangu, si mbele ya mzee. Mzee akanipa pole kwa shida zetu. Nikasema asante. Nikanywa.

Wametuambia basari tumepata. ~~Usimwambie mtu hayo mengine.~~ Mwambie unayetaka. Isnino haongei na mimi.

Nimeenda ofisini kwao kusema ukweli. Wakimnyima, tutauza mbuzi, kama nilivyopaswa tangu mwanzo.

Nitamwomba mzee turudi naye. Weka chai, na maziwa tele. Pengine atakataa.

Wewe pika tu.

Baba Isnino