Mgomba Wenye Kidonda

Shikamoo Mama,

Sijawahi kumwambia mtu hili: wageni wakija nami nikasema kichwa kinauma, huwa hakiumi. Naona haya kuwaamkia.

Huku Nyamongo haya hizo zimenichosha. Dada Robi, mwanafunzi wa uuguzi, leo lazima amtumie mwalimu wake video ya simu isiyokatwa: ananawa, anavaa glovu, anafunga kidonda alichochora kwenye kipande cha mgomba. Asipotuma kabla ya jioni, anarudia somo. Mimi narekodi. Lakini ni Jumapili, na wazee wanaotoka kanisani wanapitia hapa. Akivaa glovu tu, mzee anaingia, ananyoosha mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huu mgomba unaumwa nini?"

Mikono imeshachafuka, tunaanza upya. Kisha anaingia mwingine.

"Ghati, si uwapokee nje?"

"Mimi?"

"Kwani mgomba ndio utoke?"

Nimekukumbuka, Mama, na uji wako pia. Mungu akutunze.

Nimeegemeza simu kwenye debe la mahindi, nikatoka, nikasimama njiani na kuwaamkia wazee wote kwa mkono, mpaka Dada aliposema video imekwenda.

Ghati