Ndege Iliyovaa Mitumbwi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini ulimi wangu haujazoea kukuanza kwa neno jingine.

Nakuandikia kutoka Uingereza. Nimeletwa huku mwaka mmoja kuongeza masomo ya ualimu. Baridi yake ungeicheka: mtu amevaa nguo tatu na bado anatetemeka kama mwenye homa. Mama hajambo, ila tangu ulipotutoka hataki mtu akalie kiti chako. Shamba la Miono analilima kaka Shomari.

Jumamosi iliyopita hatukuwa na masomo. Nikapanda treni peke yangu mpaka mji wa pili, kwenye jumba wanamoweka ndege za zamani watu wazitazame. Nilikwenda kupoteza siku tu. Nilizunguka tangu asubuhi, na mwisho kabisa wa ukumbi nikaiona. Baba, niliiona. Mbao na turubai, nyaya zimekazwa huku na huku, na chini, mahali pa magurudumu, mitumbwi miwili.

Nikakaa kwenye benchi.

Maana ulitwambia. Ulikuwa kijana, mchukuzi wa mizigo forodhani Bagamoyo, wakati wa vita vya Mjerumani. Ulisema ndege ilishuka kutoka mawinguni, ikakaa juu ya bahari, kisha ikaruka tena ikaenda zake. "Imevaa mitumbwi miguuni!" ulikuwa ukisema, mikono yote miwili umeitandaza. Miono nzima ilikucheka. Wakakupa jina, Bwana Bata. Nawe ulicheka nao, kesho yake ukasimulia upya.

Mpaka Idi ile. Mimi ndiyo kwanza nimetoka chuoni, mwalimu mpya, kanzu imenyooka kwa pasi. Wageni wamejaa barazani, umeanza kusimulia, nami nikakukatiza: "Baba, hebu acha. Ndege ikigusa maji inazama. Sisi tumesoma." Watu wakaangua kicheko. Ukanitazama, wala si kwa hasira. "Haya, mwanangu," ukasema. "Wewe ndiye uliyesoma." Ukachukua birika, ukaanza kuwamiminia wageni kahawa. Tangu siku hiyo sikukusikia ukiisimulia tena, mpaka tunakuzika.

Mlinzi wa jumba lile, mzee wa Kizungu, alinijia akaniuliza kama naumwa. Nikamwuliza mimi: ndege za namna hii zilipata kufika pwani ya kwetu? Akasema, "Zilifika, wakati wa vita. Zilibebwa na meli, zikashushwa baharini." Akaenda na shughuli zake. Hakujua amenifanya nini.

Nilikaa pale mpaka walipofunga milango. Nilitamani uwe ubavuni mwangu, japo kwa dakika moja, uupapase mtumbwi mmoja kwa kiganja, halafu unigeukie unicheke. Ungenicheka, nakujua. Nikajaribu kuikumbuka sauti yako pale ndege inapoinuka kutoka majini, na siipati yote, Baba. Ulisemaje pale? Ilikuwa na rangi gani? Ulimwona mtu ndani yake? Miaka yote ile tuliyokuwa pamoja, sikukuuliza hata swali moja.

Nisamehe. Nimekuomba hivyo mara nyingi tangu Jumamosi, njiani, kitandani, na kwenye sala. Nikirudi nitawaendea waliokucheka, mmoja mmoja, na kwanza nitawaambia kuwa mimi ndiye niliyekukosea kuliko wao wote.

Jana nimepata barua kutoka nyumbani. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, na Mama amempa jina lako. Nakuahidi, akianza kusema na kuuliza, nitamsimulia habari ya ndege yako kama ulivyoisimulia wewe. Na akiniuliza nisilolijua, sitambabaisha. Nitamwambia: babu yako alikuwa analijua, mwanangu, mimi ndiye sikumwuliza.

Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Selemani