Saini ya Kuku wa Rugera

Alhamisi, baada ya chakula

Sikusaini. Nilijaribu kujishawishi, lakini kila mara naziona zile shingo za kuku zilizopinda.

Mama mkwe alifika mchana kutoka Rugera na ndizi za kupika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa karibu yangu.

"Mama Neema, wale kuku wangu walikufa kwa baridi tu. Mdondo utauandika wa nini?"

Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji. Mnunuzi wa Uarabuni anataka nyama yao, machinjio yameshakaguliwa, ilibaki saini yangu, daktari wa mifugo, kuthibitisha kwamba eneo wanakotoka kuku halina mdondo wala ugonjwa mwingine wa kuambukiza. Na mimi ndiye niliyewahimiza wafugie soko hilo.

"Mama, niliwaona mwenyewe. Ni mdondo."

"Basi wenzangu watajua ni mimi niliyewaharibia."

Nikisaini, nyama ikapimwa huko ng'ambo... Hapana, hata isipopimwa nitakuwa nimedanganya. Nisiposaini, ukoo mzima utasema nimemfedhehesha mama wa mume wangu.

Alipoanza kumenya ndizi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapiga simu wilayani kuripoti mdondo. Nilitaja Rugera, nikataja na jina lake. Nyama haitasafiri.

Niliporudi nilichukua kisu, nikamenya naye. Sikumwambia. Tumekula wote, amenisifia mchuzi.

Kesho asubuhi wakaguzi watafika kwake, na ameniomba nimsindikize nyumbani.