Bibi Hakuibwa, ila Mjomba Hataki Lisemwe

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na usinicheke, maana wengi wanakuandikia wakiwa wanalia na mimi nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo jirani na stendi, nimeolewa, na juzijuzi binti yangu mkubwa kajifungua mtoto wa kike, ndipo nikataka apewe jina la mama yake bibi yangu, lakini jina lenyewe hakuna anayelikumbuka, kila ninayemuuliza anasema sisi tulimwita Bibi tu, na mwanawe mmoja aliye hai hataki ya zamani yaguswe, na mteja wangu mmoja anayefanya kazi kwenye jumba la nyaraka akaniambia huku namsuka, dada, madaftari ya ndoa ya enzi za mkoloni siku hizi yako wazi, njoo utafute ndoa ya bibi yako, humo waliandika mpaka wazazi.

Sasa hapo ndipo penye kidonda cha kwetu. Bibi, yaani mama yake baba, tumekua tukiambiwa kwamba aliibwa. Kwamba babu yetu, fundi baiskeli kutoka ng'ambo ya mto, alimvizia akitoka kisimani, akampakia kwenye baiskeli na kutokomea naye, na babu alipokufa mapema, baba akiwa hata kutembea hajatembea vizuri, bibi akarudi kwao na mtoto mgongoni. Baba akalelewa kwa wajomba. Kijiko kikipotea, anaangaliwa yeye. Akigombana na mtoto mwenzake, anaambiwa damu ya mwizi haikauki. Mshauri, baba yangu ni fundi bomba mstaafu, hachukui hata msumari wa mtu, na akimaliza kazi kwenye nyumba ya watu anakung'uta mfuko wa vifaa mbele ya mwenye nyumba bila kuombwa, nami miaka yote nikidhani ni ustaarabu kumbe ni woga. Jina la baba yake halitumii. Kwa ukoo wa baba yake hajakanyaga tena tangu alipobebwa mgongoni.

Basi nikaenda. Nikaletewa daftari kubwa, jalada limechakaa, nikafunua mpaka nikaliona jina la bibi, na pembeni, kwenye sehemu ya maelezo, mkalimani kaandika hivi: "Mwanamke amekuja mwenyewe. Baba yake hayupo. Ameulizwa mara mbili kama analazimishwa, amejibu hakuna wa kumlazimisha. Mwanamume ameulizwa kama anamfahamu baba wa mwanamke, amejibu anamfahamu na anamwogopa." Chini yake, shahidi: mama wa mwanamke, jina lake na alama ya dole gumba. Mama yake mzazi, mshauri! Huyohuyo niliyekuwa natafuta jina lake ndiye aliyemsindikiza binti yake kwenda kuolewa. Nikalia pale mezani mpaka mteja wangu akaja kuniondolea daftari lisilowe. Jina nililipata na mtoto ameshapewa.

Niliporudi saluni nilimkuta baba chini ya sinki, ananizibia bomba linalovuja. Nikamwambia, "Baba, bibi hakuibwa."

"Nisogezee spana."

"Baba, nimetoka kuona daftari la ndoa yake."

Akatoka taratibu, akakaa sakafuni na mikono yake imelowa. "Soma."

Nikasoma ile nakala niliyopewa.

"Soma tena hapo pa kuogopa."

Nikasoma. Akacheka, akacheka mpaka wateja wakageuza shingo na rola zao kichwani, kisha kicheko kikageuka machozi, akajifuta kwa kanga ya saluni. "Kumbe walitakana," akasema. Basi. Akarudi chini ya sinki, na huko nikamsikia anapiga mluzi. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia baba akipiga mluzi.

Tukatafuta mtandaoni jina la ukoo wa babu, tukakutana na duka la baiskeli lenye jina hilo, na namba ya simu ipo. Tukapiga, akapokea kijana, akampa bibi kizee mmoja, kumbe ni dada mdogo wa babu, shangazi yake baba, yu hai na akili zake timamu. Baba akajitaja. Kisha yule bibi akasema, "Wewe ndiye yule aliyekuwa hataki kuogeshwa? Mbona umekawia hivyo, mwanangu?" Baba akanikabidhi simu mimi. Ndiye aliyetueleza kwamba bibi alipokuwa anarudi kwao na ujane wake alimwambia, wifi, baba ametangaza kwamba niliibwa, atanipokea nikisema hivyohivyo, sasa nitasema, mtoto apate kula.

Tatizo langu ni mjomba wake baba, mdogo wake bibi, mzee tunayemwita Bwana Taratibu kwa kuwa kwake hata kukohoa kuna utaratibu. Mwisho wa mwezi ukoo mzima unakutana nyumbani kwake na baba amesema atasimama aisome nakala mbele ya wote. Mjomba kazisikia habari, akanipigia: "Mnataka kumvua nguo baba yangu kaburini? Karatasi ya mkoloni ndiyo imekuwa msema kweli? Aisome mbele yangu, na undugu umekwisha!" Na mzee huyu ndiye aliyemfundisha baba ufundi bomba, akampa na vifaa vya kuanzia, hatuwezi kumtupa. Mama ananiambia niifiche ile nakala yaishe. Baba anasema, "Nimenyamaza vya kutosha." Mimi niko katikati kama unywele kwenye mkasi. Nifiche? Nimwache asome? Nifanyeje?

Ni mimi, msusi wa stendi.

JIBU

Marahaba, msusi, na hongera ya mjukuu. Sikucheki. Nimefurahi nawe hadi nikasoma barua yako kwa sauti hapa ofisini. Ila nitakugombeza, vumilia.

Nakala usiifiche. Mama yako anataka nyumba itulie, namwelewa, lakini utulivu huo baba yako ameugharamia tangu anatambaa. Yeye si mtoto mdogo wa kunyang'anywa wembe. Ni mtu mzima aliyerudishiwa baba yake. Ukiificha, basi kwenu mwizi atakuwepo kweli, na atakuwa wewe.

Halafu mnamwonea yule mjomba. Ndiyo, wewe na baba yako. Mmeisoma hiyo nakala na kuirudia, na hakuna aliyekumbuka kwamba lile dole gumba ni la mama yake pia? Dada yake alipoondoka yeye alikuwa mtoto. Akaambiwa kaibwa, akaamini, na sitashangaa kama alimlilia. Leo uzeeni anasikia kwa tetesi kwamba mama yake alijua na baba yake aliwadanganya. Nani asingefoka? Yule mzee ameumia, na ninyi mnajiandaa kumuumiza hadharani, kwenye nyumba yake, mbele ya wajukuu zake. Hapana.

Kwa hiyo mkutanoni hakuna kusoma. Baba yako amwendee mjomba wake kabla ya siku hiyo, wawili tu, mchana kweupe. Asianze na karatasi, aanze na shukrani za ufundi, na azitoe kwa moyo. Kisha aseme, "Mjomba, sikuja kumshitaki babu. Nimekuletea habari za mama yako." Hapo ndipo asome, na aanzie pale pa shahidi. Mzee akilia, aachwe alie. Akifoka, aachwe afoke mpaka achoke. Akimfukuza, baba yako aage kwa heshima aondoke, na kesho yake akalitumie jina la baba yake popote atakapo, maana hilo haliombewi kibali. Undugu wa mjomba na mpwa hauvunjwi kwa simu ya hasira. Atarudi. Na akichelewa kurudi, mpelekeeni salamu, msinune.

Siku ya mkutano, atakayeuliza ajibiwe kwa kifupi: bibi aliolewa kwa hiari yake na mama yake alikuwepo. Atakayethubutu kutaja damu ya mwizi umjibu wewe, si baba yako. Ulimi wa msusi najua unao.

Lakini lililonitoa jasho mimi si hilo. Ni yule bibi kizee wa kwenye simu. Umenieleza mkutano wa mwisho wa mwezi, ila hukunieleza mnasafiri lini. Mnangoja nini? Ndiye pekee aliyebaki duniani aliyemwona baba wa baba yako akila, akinuna, akibeba mwanawe. Mkutano unaweza kuahirishwa. Yeye hawezi. Funga saluni wiki hii hii, wateja wafunge vitambaa, hakuna aliyewahi kufa kwa mvi. Kateni tiketi. Mkifika mlangoni wewe baki nyuma, mwache baba yako aingie kwanza.