Mgeni wa Kupita Tu

Jabe, Bujumbura
6 Januari 2025

Mwanangu Ilyas,

Assalaam alaykum. Mi niko muzima, alhamdulillahi, isipokuwa mguu ule ule, hewa ikibadilika unavimba. Na wewe? Usinijibu tena "nakula vizuri". Niambie unakula nini na nani anapika.

Hapa watu wote wanajua uko Maskati kwa baba yako mdogo. Mi nasema hivyo hata msikitini, Mungu anisamehe. Candide, mjane wa Sylvère, alikuja juzi, bado analia. Anasema mume wake alijua kuogelea tangu utoto, na mutu wa namna hiyo hafi maji pale bandarini hivi hivi. Mi nilimmiminia chai tu. Ningemwambia nini? Kwamba ninyi wawili ndio mliofungua ile mizigo ya saruji mkakuta bunduki, na sasa umebaki wewe peke yako wa kusema mlichokiona? Kila nikimtazama namwona Sylvère, halafu nakuona wewe, na naogopa.

Sasa nisikilize. Boutique siku hizi inaingia watu wa Kiingereza, wa Kampala, wa Lusaka, wanaulizia vitenge, na mi nacheka tu kama bubu. Nura, dada ya baba yako, ananicheka. Nifundishe. Kitabu sitaki, nataka maneno ya mutu anayeingia dukani na kutoka.

Uthmani, mpishi wa meli, atakuletea barua hii na ndagala, visamaki vya ziwa letu. Uzichague mchanga kabla ya kukaanga, nakujua uvivu wako.

Mama yako


2 Februari 2025

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Niko mzima. Nakula ugali na ndagala zako, napika mwenyewe, na napika vibaya. Umeridhika? Mguu huo umwonyeshe daktari, usimwonyeshe shangazi Nura.

Maneno yako haya hapa. Mtu akikuambia "I'm just passing through", anapita tu. Mji uko njiani mwake, hana shughuli nao. Akisema "I'll drop by tomorrow", kesho ataingia kidogo, lakini hakuna ahadi, kwa hiyo usimpikie. "Stop by" ni kusimama mahali kidogo ukiwa unakwenda pengine: "I'll stop by the port", nitapitia bandarini. Na "stopover" ni ya msafiri, analala usiku mmoja, asubuhi anaendelea. Wewe ukitaka kumuuliza kama ni mpita njia, sema "Are you passing through?" Useme polepole, usimkaripie kama unavyotukaripia sisi.

Ila mama, jina la mji huu lisitoke mdomoni mwako. Na barua umpe Uthmani wewe mwenyewe, mkononi, pale melini. Wale watu hawajaacha kunitafuta. Simu sitaki, unajua kwa nini.

Mwanao Ilyas


Jabe, Bujumbura
24 Februari 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mguu ni ule ule, lakini moyo una furaha, maana mama yako anaongea Kiingereza.

Alikuja bwana mmoja, Régis, mutu wa Lusaka, amevaa vizuri, Kiswahili hajui hata neno. Akasema "just passing through". Nikamwelewa! Nikampa kahawa na halua, kama tunavyompa mgeni yeyote. Akaondoka, nikasema basi, huyo amekwenda. Kumbe baada ya siku chache akarudi, "I'll drop by again", na kweli akarudi tena. Anakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, ananunua kitambaa kidogo, anatusikiliza mi na Nura tukipiga soga, anatabasamu tu, masikini, haelewi kitu.

Aliuliza picha iliyo ukutani ni ya nani. Nikamjibu "my son, Muscat". Akaitazama sana. Akasema una macho yangu.

Ramadhani inaingia. Ufunge vizuri.

Mama yako


5 Machi 2025

Mama,

Ramadhani njema. Sina muda wa salamu ndefu.

Mtu anayepita hapiti mara tatu. Kama mji uko njiani mwake tu, amefuata nini kwenye kiti cha baba? Mama, nakuomba, toa ile picha ukutani. Funga boutique, sema mguu, uende Gasenyi kwa shangazi Nura ukakae kwake. Huyo mtu usimpe kitu, hata maji usimpe. Najua utaona aibu. Ione tu hiyo aibu.

Na mimi sitangoja barua iletwe huku. Safari ijayo ya meli nitashuka mwenyewe bandarini Mpulungu, nimngoje Uthmani gatini, anieleze kwa mdomo wake hali yako. Mpaka hapo nitakuwa silali.

Ilyas


Jabe, Bujumbura
15 Machi 2025

Ilyas, mutoto wangu,

Barua yako imenifika leo. Nikuambie imeletwa na nani? Na yeye.

Jana meli ilikuwa inapakia, na mguu wangu ulikataa kabisa, hata kusimama kuswali nilishindwa. Nilikuwa namwambia Nura kwamba ndagala zako zitalala hapa, na barua yako imebaki kwa Uthmani. Régis alikuwa amekaa pale pale. Akainuka, akasema "I'll stop by the port". Nikamwelewa, Ilyas. Nilifurahi kwamba nimemwelewa. Tangu lini mutu anakwenda bandarini tukaacha kumpa mzigo? Nikamfungia ndagala katika kile kitenge cha kijani, nikamwambia "Uthmani, cook". Mji sikuutaja. Yeye hakuniuliza kitu, angeniuliza ningeshtuka.

Leo asubuhi akaniletea barua yako. Gundi ya bahasha ilikuwa bado mbichi. Nilisoma umeandika Mpulungu, gatini, nikaanguka. Nura alinichukua kwa teksi hadi bandarini. Meli ilikuwa imeshatoka.

Usishuke Mpulungu. Naandika ingawa sina wa kumpa. Usishuke, mutoto wangu.

Mama


Jabe, Bujumbura
2 Aprili 2025

Ilyas,

Idi imepita. Meli imerudi na mpishi mwingine. Nimemuulizia Uthmani, mabaharia wananitazama viatu.

Sikwenda Gasenyi. Nilisema ukituma mutu, atanitafuta wapi kama si hapa? Siku ya Idi mlango nikauacha wazi kama kila mwaka, na Régis akaingia. Akaweka kitu juu ya meza ya vitambaa. Ni kile kitenge cha kijani, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri.

Nikamuuliza, polepole kama ulivyonifundisha, "Are you passing through?"

Akanijibu kwa Kiswahili chetu, safi kabisa: "Apana, mama. Mi ni mutu wa hapa hapa." Akavuta kiti cha baba yako. "Mwandikie mwanao. Mi nitapeleka."

Sikujua nilie au nimshike miguu. Kama anataka nikuandikie, labda hajakupata. Au amekupata, na anataka kujua nani mwingine anajua. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Kesho atapitia barua. Nitampa karatasi yenye salamu tu za Maskati.

Hii ya kweli nampa Candide. Anakwenda Kigoma kwa ndugu zake, ataitia kwenye meli nyingine, na Mungu ataipeleka. Siku zote nimekugombeza unijibu upesi. Leo nakuomba kitu kimoja tu. Kama uko hai, usinijibu.

Mama yako