Aliyeshika Leso

Jumamosi, Mwingi. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unaleta vumbi la barabara ya Garissa mpaka ndani ya kikombe. Chai yangu imepoa hapa mezani. Sina hamu nayo, na sina hamu ya watu pia, ndiyo maana naandika.

Nina hasira. Wacha niiseme mapema, nisije nikajifanya mpole.

Tangu nianze kazi hii ya kupigwa picha, kila mtu amenipa ushauri uleule: usiende peke yako. Mama amesema, mchungaji amesema, hata wateja wanaokuja kununua madera wamesema. Nauza duka la nguo la Mama Halima, na mwaka huu nimekuwa nikizivaa nguo zake na kupigwa picha za ukurasa wa duka mtandaoni. Huko ndiko alikoniona mtu mmoja wa mji wa Wote anayejiita Director Maiko. Alisema anatengeneza filamu, anatafuta msichana wa kuongoza hadithi, na anataka kwanza picha za majaribio kwenye miamba nje ya Mutomo.

Mimi si mjinga. Nilimpa masharti yangu: iwe mchana, mahali pa wazi, nguo kamili, na picha yoyote isitumwe kwa mtu kabla sijaiona. Alikubali yote bila kubisha. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana wanaume wa kazi hii hubishana hata juu ya viatu.

Na sikuenda peke yangu. Nilienda na Kamene.

Kamene ni binti wa mama mdogo. Alikuja kukaa kwetu tukiwa bado shule ya msingi, tukalala kitanda kimoja, tukachapwa kwa makosa yaleyale. Mama ndiye aliyemchagua anisindikize. "Enda na Kamene," alisema. "Huyo ni damu yetu, hawezi kukuacha."

Ni kweli, hakuniacha hata dakika moja.

Huko miambani hakuna chumba cha kubadilishia nguo. Sisi wasichana tunaofanya kazi hii huku kwetu tuna utaratibu wetu: mmoja anabadilisha, mwenzake anamshikia leso, ile kanga ya kujifunga, iwe pazia, uso ameuelekeza kando. Hatuandikiani chochote. Ukikubali kumshikia mtu leso, umekubali kuwa ukuta wake. Jumamosi iliyopita tulifunga pembe moja ya leso ya Mama kwenye kichaka, pembe nyingine akashika Kamene. Maiko alikuwa mbali, karibu na gari lake, ametugeuzia mgongo. Nikamsifu moyoni kwamba ana heshima. Macho yangu yote yalikuwa kwake. Ningemwangalia Kamene kwa sababu gani?

Juzi Alhamisi nikiwa dukani nikapata ujumbe wa Maiko. Ilikuwa picha yangu. Nimeinama, dera moja limeshuka, lingine bado liko mkononi, na nguo niliyobaki nayo si ya kuonwa na mtu. Chini yake ameandika nifike Wote Jumatatu asubuhi, peke yangu, tumalizie majaribio hotelini. Nisipofika, ataiweka pale ambapo wateja wa Mama Halima wataiona.

Nikakaa juu ya furushi la nguo.

Mwanzo nilifikiri alikuwa na kamera ya kuvuta mbali. Nikaiangalia tena ile picha. Imepigwa kutoka ndani ya leso, upande wangu. Pembeni yake kunaonekana kitambaa cha maua mekundu na kidole gumba kimekikamata. Ukucha umepakwa rangi ya zambarau. Niliupaka mimi, asubuhi ile, tukicheka.

Nilimkuta Kamene nyumbani akiosha vyombo. Nikamwonyesha simu. Nilitaka akatae. Nadhani ningemwamini hata kwa uongo mbaya.

"Si alisema tu anataka kuona shepu," akaniambia. "Wewe una aibu sana, ungekosa hiyo part. Mimi nilikuwa nakusaidia."

Nikamuuliza yeye alipewa nini. Akasuuza sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Kisha akasema ameahidiwa nafasi ndogo kwenye filamu.

Angeigiza dada yangu.

Nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini kilimfanya aanze kulia, na Mama akaingia akitaka kujua nimemfanya nini mtoto wa watu. Nikaeleza yote. Mama akaitazama picha, akafumba macho, na kwa muda mfupi nikafikiri sasa nina mtu. Halafu akasema nimzuie huyo mwanaume kwenye simu na tuyamalize hapa nyumbani. "Ukienda polisi watamshika Kamene. Dada yangu nitamwambia nini?"

Iliniuma kuliko picha yenyewe. Maiko simjui, na mtu usiyemjua akikugeuka unamlaani unaendelea. Hawa ndio niliowekewa wanilinde.

Jana nilimwambia Mama Halima. Niliogopa sana, nikijua mama yule hataki jina la duka lake lichezewe. Aliuliza kwanza kama lile dera mkononi ni la kwake. Ni la kwake. Akavuta pumzi, akavuta mlango mmoja wa duka, akakaa karibu nami.

"Usifute kitu. Usimjibu," alisema. "Jumatatu sifungui. Mimi na wewe stesheni ya polisi."

Kwa hiyo sitaenda Wote. Hilo nimelikatia shauri. Filamu yake, aende akatafute miamba imwigizie. Na nikirudi kwenye kazi hii, maana nitarudi, ninaipenda, nitatoka nyumbani nimevaa kabisa nguo ya kwanza, na ya pili nitaivalia juu yake hata kama nitaonekana mnene.

Kamene leo hajala. Yuko kitandani kwetu, ameugeukia ukuta, na mimi nimelala sebuleni tangu juzi. Leso Mama ameifua akaianika uani. Imekauka zamani, lakini kila mtu anaipita tu.

Keshokutwa watanitaka nieleze, na nimeshajipanga. Nitasema mahali, nitasema siku, nitawapa simu waione picha. Wakiuliza ni nani aliyeipiga, nitalitaja jina lake bila kutetemeka.

Kisha wataniuliza, huyo Kamene ni nani kwako?