Masizi mdomoni mwa Aron

Eddah, nimepata aibu ya mwaka, wacha nikuandikie.

Aron anaharisha tangu jana. Leo asubuhi akatapika kitu nyeusi. NYEUSI, Eddah! Nikajua tu ni mama mkwe. Si unakumbuka akisema mtoto wa Kipsigis hakui bila mursik? Na hiyo maziwa yake ya kibuyu imejaa masizi!

Nikambeba mgongoni mpaka kliniki hapa Litein, mama mkwe akinifuata, kimya. Hiyo kimya ndio ilinimaliza. Mtu hana makosa si angeongea?

Mbele ya watu wote nikaambia nesi, "Huyu mama anapea mtoto wangu mursik kisiri."

Nesi akafungua ngumi ya Aron. Makaa. Kipande ya makaa kutoka jiko yangu mwenyewe!

Mama mkwe akasema polepole, "Siku hizi anatambaa mpaka jikoni. Nilikuambia. Ulikuwa kwa simu."

Eti aliniambia! Eti nilikuwa kwa simu! Na mbona alikuwa anatabasamu? Bado simwamini.

Sasa tumerudi na dawa, yeye ameenda kukama.

Ngoja, Eddah. Hii nyumba imenyamaza sana. Aron ako wapi?